Kati ya "jikaze" na semina: nini kinamwandaa muuguzi kwa kifo cha mgonjwa wake?

"Mama, nifunge kwa nguvu kiasi gani?"

Mwanafunzi wangu alikuwa ameshika bandeji ya kufungia taya la marehemu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri katika wodi ya wanawake, au sale ya wanawake kama tunavyosema hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka akalazimika kuuliza mara mbili. Mgonjwa alikuwa amekata roho nusu saa kabla. Nikamjibu, "Kama unavyomfunga mama yako kilemba siku ya Jumapili." Akafunga. Mikono ikaacha kutetemeka. Baadaye nikatambua kwamba katika miaka yake mitatu ya shule, hilo ndilo lilikuwa somo lake pekee juu ya kuwa karibu na mtu anayekufa. Kuosha mwili alikuwa amefundishwa, hatua kwa hatua, kwa Kifaransa, akapata 16 juu ya 20.

Nimeanza na hilo kwa sababu siku hizi wakuu wa wauguzi, wa Bukavu na wa Goma, wananiuliza swali lile lile: tumepata pesa kidogo kwa mfadhili, dola 500 hivi, tunataka kuwasaidia wauguzi wanaohudumia wagonjwa wasiopona, tuzifanyie nini? Kila mmoja huja na jibu lake mfukoni. Huyu anataka semina, yule anataka mwanasaikolojia, mwingine anasema vijana wa sasa wamezidi kudeka. Hapa ninaziweka njia hizo moja kando ya nyingine, na sitajifanya sina upande. Ninazipima kwa mambo matatu: inamfikia muuguzi lini (kabla ya kifo, saa yenyewe, au baada), nani anaiongoza, na pesa ya mfadhili ikiisha kinabaki nini.

Jikaze

Hii kila hospitali inayo tayari. Haigharimu hata franka moja na haihitaji mkufunzi. Muuguzi mpya analia kwenye stoo ya dawa, mkubwa wake anapita, anamwambia "jikaze, utazoea", anaendelea na sindano za saa sita. Siidharau. Januari 2025, hospitali za Goma zilipojaa majeruhi wa vita hadi kwenye korido, nani angepata nafasi ya kukaa na mwenzake amuulize moyo unasemaje? Kujikaza kuliwavusha watu siku zile, na wagonjwa pia kuliwavusha.

Ubaya wake hujitokeza polepole. Mwaka 1960 mtafiti Isabel Menzies alichapisha aliyoyaona kwa wauguzi wa hospitali moja kubwa ya London. Kazi ilikuwa imekatwakatwa vipande: mmoja anapima joto la wote, mwingine anagawa dawa kwa wote, hakuna anayebaki na mgonjwa mmoja muda wa kutosha kumjua. Wagonjwa waliitwa kwa kiungo na kitanda: "lile ini la kitanda cha 10". Menzies alisema mpangilio huo ulikuwa ngao ya kuwakinga wauguzi na hofu, na kwamba ngao yenyewe ilikuwa inawaumiza, kwani iliwanyima ile raha ya kazi iliyowaleta pale. Nikiyasoma hayo nasikia ripoti yetu ya asubuhi: "Kitanda cha 7, décédé, yaani amefariki, saa nane." Jina la mama aliyetuimbia nyimbo za kanisa wiki nzima limebaki kwenye karatasi.

Wa kwanza kugundua si daktari, ni garde-malade, yule ndugu anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Muuguzi aliyejikaza kupita kiasi anatundika seromu akiwa amesimama upande wa miguu, haangalii uso, anaondoka. Ndugu wananong'onezana: "Munganga anatukimbia." Ukisikia neno hilo kwenye wodi yako, "jikaze" imekwisha kazi.

Semina

Siku tatu, ukumbi, kalamu na daftari, soda, nauli, picha ya pamoja, cheti. Dola 500 zinaweza kwisha kabla ya siku ya tatu.

Yanayofundishwa mara nyingi ni mawili. La kwanza ni hatua sita za kutoa habari mbaya, ziitwazo SPIKES, walizozichapisha Walter Baile, Robert Buckman na wenzao mwaka 2000: andaa mahali, uliza mgonjwa anajua nini, uliza anataka kujua kiasi gani, sema, pokea machozi au hasira yake, kisha pangeni la kufanya. Ni hatua nzuri, na ile ya tatu peke yake ingetuepusha na aibu nyingi. Ila zilitungwa kwa daktari mmoja na mgonjwa mmoja, mlango umefungwa. Kwetu chumba kina vitanda kumi, mgonjwa ana ndugu wanane, na baba mdogo aliyeshuka kutoka Walungu ndiye anayeamua nani aambiwe nini. Semina isiyomtaja baba mdogo haijafika Bukavu.

La pili ni hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago, za mwaka 1969: kukataa, kukasirika, kujadiliana, kuhuzunika, kukubali. Alipoanza kutafuta wagonjwa wanaokufa ili aongee nao, wakubwa wa wodi walimjibu kwamba hawana mgonjwa wa namna hiyo. Kwa hilo tu namheshimu. Lakini wanafunzi wanazipanda hatua zake kama ngazi. Nilimsikia kijana mmoja mwenye cheti kipya akimwambia mjane, kwa upole kabisa, "Mama, sasa uko kwenye hatua ya hasira." Mama akamtazama. "Mwanangu, niko kwenye hatua ya kutafuta pesa ya sanduku."

Kitu semina inachoweza kutoa ni maneno, na maneno si kitu kidogo. Sisi tunasoma kwa Kifaransa. Wagonjwa wetu wanakufa kwa Kiswahili na kwa Mashi. Muuguzi anayejua kusema soins palliatifs, huduma kwa wagonjwa wasiopona, hajui amwambie nini mzee wa Kadutu anayeuliza, "Munganga, nitapona?" Anakimbilia "hatuna la kufanya tena", na hilo ni neno baya kuliko yote, tena ni uongo. Kuna kumgeuza, kumlowesha midomo, kumpunguzia maumivu, kukaa naye. Jaribu kulitamka hili kwa sauti: "Dawa ya kuondoa ugonjwa huu hatuna. Ya kupunguza maumivu tutaendelea kukupa, na mimi niko hapa mpaka asubuhi." Mtu asiyewahi kulisema kwa mdomo wake ukumbini halitamjia saa tisa usiku. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize mkufunzi swali moja: tutafanya mazoezi ya kuigiza, kwa Kiswahili? Akisita, okoa pesa yako.

Kukaa pembeni ya mkubwa

Njia hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayonipa kazi nyingi zaidi. Utaratibu wangu: mwanafunzi au muuguzi mpya hasimamii kifo peke yake kabla ya vitatu. Cha kwanza anatazama. Cha pili anasaidia. Cha tatu anaongoza yeye, na mkubwa anasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kimya.

Kinachofundishwa hapo hakimo katika daftari lolote la semina. Kabla ya kuingia, mkubwa anamweleza mwili utafanya nini: miguu itapoa kuanzia vidoleni, magoti yatatoka madoa ya zambarau, pumzi itakatika kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi au ishirini kisha itarudi, kooni kutasikika mkoromo wa maji. Mkoromo huo ndio unaowatoa vijana mbio. Wanadhani mgonjwa anazama, wanatafuta mashine ya kunyonya makohozi, wanamsumbua. Ukimwambia mapema kwamba ni mate tu ambayo hana nguvu tena ya kuyameza, na kwamba kumlaza ubavu kunatosha, nusu ya hofu inaondoka. Nasema bila kupepesa: sehemu kubwa ya kile tunachokiita udhaifu wa moyo kwa wauguzi wapya ni kutojua tu. Mtu hawezi kuwa mtulivu mbele ya jambo asilojua kama ni la kawaida au ni kosa lake.

Kisha mkubwa anavuta kiti. Hilo nalo ni somo. Muuguzi aliyesimama ana haraka. Ndugu wanalijua hilo. Mkubwa mmoja niliyekuwa naye staji, yaani mafunzo ya kazini, mama wa makamo, alikuwa akichovya kona ya kitambaa kwenye kikombe cha maji, anakipitisha midomoni mwa mgonjwa, anampa binti wa mgonjwa kile kitambaa bila kusema neno. Binti anaendelea. Sasa ana kazi ya kumfanyia mama yake, haangalii tena mlango akisubiri daktari aje na muujiza. Nilijifunza kwa kuona. Sikumbuki kama aliwahi kunieleza.

Halafu dakika kumi za chai, wawili tu. Si za kuulizana maswali ya kitabuni. Kijana akitaka kusema, aseme. Asipotaka, anywe chai.

Bei yake ni zamu: lazima upange ratiba ili mkubwa na mdogo wakutane, na wakubwa ni wachache, wengine wamekwenda kwenye mashirika yanayolipa vizuri. Hatari yake ni kubwa zaidi ya bei. Mkubwa mkavu huzaa wakavu. Kama anayefundisha ni yule wa "kitanda cha 7", umekuza "jikaze" kwa vizazi viwili. Basi usimchague kwa cheo wala kwa miaka ya kazi. Waulize garde-malades, usiku mnamwita nani? Watataja jina moja au mawili, na mara nyingi si lile la mkuu wa wodi.

Kikundi cha kusimuliana

Hapa kuna sura mbili, watu huzichanganya.

Sura ya kwanza ilianza London miaka ya 1950 kwa Michael Balint, daktari mzaliwa wa Budapest. Watu wachache, kama nane mpaka kumi na wawili, wale wale kila mara, na mwongozaji aliyefunzwa. Mmoja anasimulia mgonjwa anayemsumbua moyoni, kisha anarudisha kiti nyuma na kunyamaza, anawasikiliza wenzake wakikichambua kisa chake. Ni kazi ya kuchimba chini. Inataka miezi, tena inataka watu wasiohamishwahamishwa.

Sura ya pili ilitokana na mgonjwa. Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, na kabla ya kufa aliandika jinsi wema mdogo mdogo wa wauguzi na madaktari ulivyomsaidia kubeba yasiyobebeka. Miaka 2 baadaye, katika hospitali alimotibiwa, vikaanza vikao vinavyobeba jina lake: wafanyakazi wote wanaalikwa, mpaka mfagiaji na wa jikoni, wawili au watatu wanasimulia kwa ufupi kilichowagusa, wengine wanaongeza, hakuna kutafuta nani alikosea, hakuna kutatua tatizo. Na kuna chakula. Kwa Bukavu ningechagua hii ya pili, na msipuuze chakula. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hatakaa saa nzima kusikiliza huzuni kwa tumbo tupu. Chai na mandazi.

Kikwazo kinajulikana: radio trottoir, umbea wa mtaani. Utakalolisema kikaoni saa nne, mtaa wa Nguba watalijua saa sita. Na mkuu akiwepo, nani atasema kwamba alimwogopa mgonjwa? Lakini sisi si wageni wa kukaa duara na kutunza siri. Nusu ya wauguzi wangu wamo katika vikundi vya akiba, zile AVEC: wanakutana kila wiki, wana kanuni, wana faini ya kuchelewa, sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Kopa kanuni hizo. Anayetoa siri nje, faini. Mkuu anakuja mara moja kwa miezi mitatu, akialikwa.

Na mwongozaji tunaye. Kivu ina wale APS, wasaidizi wa kisaikolojia, waliotokana na miaka mingi ya kuwahudumia walionusurika ukatili wa kijinsia. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, imefanya kazi hiyo tangu ilipofunguliwa mwaka 1999. Tumewazoea wakiwasikiliza wagonjwa. Kumwomba mmoja awasikilize wauguzi saa moja kwa mwezi hakuhitaji mtaalamu wa kupanda ndege kutoka Kinshasa.

Kuitana baada ya tukio, au kunyamaza dakika moja

Baada ya usiku mbaya mtu hupendekeza kuwakusanya wote mara moja wasimulie kila walichokiona, ili watoe. Hapa nasema polepole. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu kikao kimoja cha namna hiyo ulionyesha kwamba hakikuzuia madhara ya baadaye, na katika baadhi ya tafiti waliopitishwa humo walikuwa na hali mbaya zaidi. Tafiti zile ziliwahusu hasa watu waliopatwa na ajali na mikasa, si timu za wauguzi, kwa hiyo siwezi kuzibeba zote kama zilivyo. Ila zinatosha kunifanya nisimlazimishe mtu kusimulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 juu ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia unashika njia nyingine: hakikisha yuko salama, mpe maji, chakula, simu ya kupiga kwake, sikiliza akitaka kusema, usichokonoe.

Kunyamaza ni jambo jingine. Jonathan Bartels, muuguzi wa huduma za dharura huko Virginia, Marekani, alianzisha desturi ya timu kusimama kimya kitandani kwa chini ya dakika moja mtu akishafariki, kumheshimu yeye na waliojaribu kumwokoa. Haina gharama yoyote. Je, inafaa kwetu? Nilivyoijaribu mara ya kwanza ilinishinda. Kilio kilipasuka, shangazi akaanguka sakafuni, korido nzima ikaja, ukimya gani tena. Siku hizi tunaufanya kabla ya ndugu kuitwa ikiwa hawapo, au baadaye kwenye meza ya wauguzi. Jina linatamkwa. Jina kamili, si namba ya kitanda. Kisha linaandikwa kwenye daftari, na aliyekuwa zamu anaongeza mstari mmoja akipenda. "Alipenda chai isiyo na sukari." "Alikuwa ananiita mukwe." Sala hatuongozi, kwa kuwa tuna Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu kwenye zamu moja, kila mtu anajaza kimya hicho kwa chake.

Kisichotibika kwa njia yoyote kati ya hizi

Muuguzi anayesikiliza mgonjwa wa saratani akilia usiku kucha na mkononi ana parasetamoli tu hahitaji semina. Anahitaji morfini. Kampala, ambako wafanyabiashara wa Goma huenda kununua bidhaa, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini ya maji ya kunywa ikawa ndiyo msingi wa kazi yao. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Wauguzi wa huko hawakuzaliwa na mioyo migumu kuliko yetu. Wana kitu cha kutoa.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tuliona jambo kama hilo huko Beni: vile vyumba vya plastiki angavu vya shirika la ALIMA, vilivyowawezesha ndugu kumwona mgonjwa wao na muuguzi kumhudumia kupitia mikono iliyoshonewa ukutani bila kuvaa nguo nzima ya kinga. Mgonjwa alikufa akiona uso wa mtu. Hiyo nayo inamponya muuguzi.

Na kuna hili linaloniudhi. Katika hospitali moja niliyofanya kazi zamani, mwili ulikuwa hautoki mpaka deni lilipwe, na aliyetumwa kuwaambia ndugu hakuwa mtu wa kaunta ya malipo, alikuwa muuguzi yule yule aliyemfumba macho marehemu. Usimpeleke muuguzi huyo kwa mwanasaikolojia. Mwondolee kazi hiyo.

Ningechagua nini

Inategemea vifo vyako. Chumba cha dharura cha Goma, ambako mtu anafika na kufa ndani ya saa moja, kiti na kitambaa cha maji havina nafasi: shika dakika ya kimya, na huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa wenzako zamu ikiisha. Wodi ya magonjwa ya ndani, ambako mgonjwa mmoja anakaa wiki tano na mnamjua mpaka wajukuu, weka wakubwa na wadogo pamoja, kisha kikao cha kila mwezi. Wodi ya watoto wachanga ningeanza na kikao, hata kabla ya hayo mengine, kwa sababu wauguzi wengi pale ni akina mama wenye watoto wao nyumbani. Shule ya wauguzi ichukue mazoezi ya maneno, kwa Kiswahili, kabla ya staji ya kwanza. Kituo cha afya cha mlimani chenye wauguzi wawili hakiwezi kikundi. Wao wapewe salio la simu na namba ya mwenzao wa kituo jirani.

Na zile dola 500? Viti viwili vyenye mgongo, kwa ajili ya kukaa kando ya kitanda. Themosi kubwa, majani ya chai na sukari ya miezi sita. Nauli ya APS. Zikibaki, ndipo siku moja ya mazoezi na mkufunzi aliyejibu vizuri lile swali la kuigiza. Daftari la majina nunueni lenye jalada gumu. Letu la kwanza lilikuwa laini, na kufikia mwezi wa tatu pembe zake zilikuwa zimeoza, maana kila aliyeliandika alikuwa ametoka kunawa mikono.